Zaidi ya "kuwa makini": usalama wa mgonjwa katika darasa la uuguzi

Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaporejea chuoni kutoka kwenye mazoezi ya vitendo hospitalini, huwa nawapa karatasi yenye tukio fupi la kubuni: mgonjwa wa kitanda cha nane amepewa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha tisa. Swali lililo chini yake ni moja tu, kwa nini jambo hilo limetokea. Majibu hunirudia yakifanana kana kwamba wamenakiliana. Muuguzi alikuwa mzembe. Muuguzi hakuwa makini. Muuguzi hakuzingatia maadili ya taaluma. Mapendekezo nayo ni yale yale, kwamba muuguzi huyo apewe onyo na wenzake wakumbushwe kuwa makini. Ni nadra kukuta karatasi inayouliza wodi ilikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule, kama taa zilikuwa zinawaka, kama wagonjwa walikuwa wamehamishwa vitanda jioni, au muuguzi mwenyewe alikuwa kazini tangu saa ngapi.

Siwalaumu wanafunzi, kwa kuwa hivyo ndivyo sisi sote tulivyolelewa katika kazi hii, na ndivyo habari za hospitalini zinavyoandikwa: neno "uzembe" hutangulia kwenye kichwa cha habari kabla uchunguzi haujaanza. Lakini kadiri ninavyoendelea kufundisha, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kumwambia muuguzi awe makini ndiyo kinga dhaifu kuliko zote tunazoweza kumpa mgonjwa. Umakini hupungua kwa njaa, kwa usingizi, kwa kelele na kwa wingi wa kazi, na hakuna mtu anayeamua kuupoteza. Muuguzi anayekosea huwa anadhani, hadi dakika ile ya kukosea, kwamba yuko makini kabisa.

Taaluma inayochunguza jinsi binadamu anavyofanya kazi akiwa na vifaa, wenzake, mazingira na taratibu alizowekewa ilikomaa kwanza kwenye usafiri wa anga na viwandani, na imechelewa kuingia hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2011 mwongozo wa mtaala wa usalama wa mgonjwa kwa vyuo vya fani zote za afya. Mwongozo huo una mada 11, na mada ya pili ndiyo hii ya mambo ya kibinadamu kazini. Namshauri kila mwalimu mwenzangu ausome, lakini nimeona pia kwamba ukiusoma darasani jinsi ulivyo, wanafunzi wataukariri kwa ajili ya mtihani na kurudi wodini wakiwa vile vile. Mada hii hueleweka inaposhuka mpaka kwenye trei ya dawa.

Ninaanza na magneziamu salfeti, kwa sababu kila mwanafunzi wangu ataichoma siku moja, na kwa sababu ni dawa inayookoa na inayoweza kuua kwa mkono ule ule. Mama amefikishwa leba saa tisa usiku akiwa na kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia inayofundishwa ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole, zikiwa katika myeyusho wa asilimia 20, kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kwa kila tako. Kabatini kuna ampuli za asilimia 50. Mililita 10 za myeyusho huo zina gramu 5, kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8, na ili kuushusha hadi asilimia 20 unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, jumla zinakuwa mililita 20. Mwanafunzi aliyeketi darasani na kikokotoo hulipata jibu hilo bila shida. Sasa mwondolee kikokotoo, mpe tochi ya simu, mweke mama anayetikisika kitandani, ndugu anayelia mlangoni, mkunga mwenzake ambaye hawezi kuondoka kwenye kitanda cha pili kwa sababu kichwa cha mtoto kimeshaonekana, na ampuli za mililita 2 badala ya zile za 10 alizozizoea, kwa kuwa ndizo zilizoletwa na bohari safari hii. Hesabu haijabadilika hata kidogo, lakini uwezo wa kuifanya umepungua sana, na ukimwambia hapo awe makini hujamsaidia lolote.

Swali ninalowauliza ni lipi kati ya hayo lingeweza kuondolewa mchana, kabla mama huyo hajafika. Hapo ndipo darasa huchangamka, kwa sababu ghafla wanagundua kwamba wana mengi ya kusema. Kisanduku kimoja chenye kila kinachohitajika, kuanzia ampuli, maji ya sindano, mabomba ya sindano, kanula na dawa ya ganzi ya lignokeini, kikae leba na kikaguliwe kila zamu inapopokezana. Ukutani iwepo kadi yenye hesabu iliyokwisha kufanywa na watu wawili, kwa ampuli za mililita 10 na kwa zile za mililita 2. Kalsiamu glukonati, dawa ya kupinga magneziamu iliyozidi mwilini, ikae ndani ya kisanduku hicho hicho, kwa sababu atakayeihitaji, pumzi za mama zikianza kupungua, hatakuwa na nafasi ya kutafuta mwenye ufunguo. Na masharti ya dozi inayofuata, kwamba mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, yaandikwe juu ya kifuniko ambako yatasomwa hata na mtu ambaye hakukusudia kuyasoma. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka muuguzi awe mtu bora kuliko alivyo.

Kuna pendekezo moja ambalo hutajwa kila mara na ambalo nalitilia mkazo kwa sababu linafanywa vibaya mara nyingi kuliko linavyofanywa vizuri, nalo ni kuhakiki dawa kwa watu wawili. Nimewasikia wauguzi wazoefu wakihakikiana hivi: "Nimevuta mililita nane, sawa?" "Sawa." Huyo wa pili hajahakiki kitu, ameitikia tu, kwa kuwa jibu alikwisha kupewa kabla ya kuulizwa. Uhakiki wa kweli ni kumkabidhi mwenzako cheti cha dawa na ampuli, ukakaa kimya, akakokotoa mwenyewe, ndipo mkalinganisha. Tunalifanyia zoezi hili darasani kwa kupanda kosa kwa makusudi kwenye jibu la kwanza. Wanaoulizwa kwa mtindo wa "sawa?" hulipitisha kosa kwa wingi unaowashangaza wao wenyewe.

Baada ya hapo wanakuwa tayari kuelewa kwamba kinga hazilingani kwa nguvu. Mfano ninaoupenda uko kwenye mashine ya usingizi. Silinda ndogo za gesi zinazofungwa moja kwa moja kwenye mashine zina matundu yaliyopangwa kwa namna ya pekee kwa kila gesi, na nira ya mashine, yaani sehemu inayoshika silinda, ina pini zinazoingia kwenye matundu ya gesi yake tu, kwa hiyo silinda ya naitrasi oksaidi haiwezi kukaa mahali pa oksijeni hata kama anayeifunga amelewa usingizi. Aliyebuni pini zile alikubali tangu mwanzo kwamba siku moja atakuja mtu aliyechoka. Mlinganishe na anayebandika ukutani tangazo lenye maneno "Hakikisha gesi kabla ya kutumia". Mafunzo, mabango na vikao vya kukumbushana vina nafasi yake, lakini vinategemea kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu ndiyo inayotutupa mkono saa tisa usiku.

Mwanasaikolojia James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester alieleza jinsi madhara yanavyopenya kinga nyingi kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Jibini la namna hiyo wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuliona, hivyo mimi hutumia vyandarua vilivyochanika. Tundika vinne mfululizo, kila kimoja na tundu lake mahali pake, na mbu atahangaika. Siku matundu yakikaa kwenye mstari mmoja, anapita. Cheti kilichoandikwa kwa mwandiko mbaya ni tundu. Ampuli mbili zinazofanana zikiwa kwenye trei moja ni tundu jingine, zamu yenye muuguzi mmoja ni la tatu, na mwanafunzi aliyeona akaogopa kusema ni la nne. Tunapomwadhibu aliyeshika sindano tumeziba tundu moja, na huenda hata hilo hatujaliziba, maana atakayepangwa zamu ile kesho anazikuta kinga zile zile zimechanika pale pale.

Mazoezi ya kukatizwa ndiyo yanayowafurahisha zaidi. Mwanafunzi mmoja anaandaa dawa za wagonjwa wanne mbele ya wenzake, na wengine wameagizwa kumwingilia: mmoja anaulizia ufunguo wa stoo, wa pili anamletea simu ya maabara, wa tatu ni ndugu wa mgonjwa anayetaka kujua kama uji wa nyumbani unaruhusiwa. Kazi ya waliobaki ni kuandika mahali alipoishia kabla ya kukatizwa na mahali alipoanzia aliporudi. Karibu kila mara hupishana, naye huwa hajui. Kutokana na zoezi hilo wamejitungia utaratibu ambao ni rahisi kuushika: ukikatizwa, rudi mwanzo, usome cheti upya, na bomba lolote ambalo limevutwa dawa halitoki mkononi bila lebo, hata kama ni kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu, kwa kuwa dawa nyingi hazina rangi na zikishaingia kwenye bomba hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Kuhusu ndugu wa mgonjwa, wamekubaliana kuwajibu, "Mama, nimekusikia, namalizia dawa hii nakuja," ambalo ni jibu la adabu na halimfanyi muuguzi apoteze mstari. Ziko hospitali za nje ambako muuguzi anayegawa dawa huvaa kizibao chenye maandishi ya kuomba asisumbuliwe. Sijashawishika kwamba kinatufaa. Katika wodi yenye muuguzi mmoja, ndugu wa mgonjwa anayebanwa na pumzi amwendee nani?

Suala la kumtambua mgonjwa nalo lina sura yake kwetu. Tumezoea kufundisha usahihi wa mambo matano, yaani mgonjwa, dawa, dozi, njia na muda, na la kwanza kati ya hayo tunalipita haraka kana kwamba ni jepesi. Simama mlangoni mwa wodi ya wanawake uite "Mwajuma Ramadhani!" na kuna uwezekano mkubwa wa kuitikiwa na zaidi ya mmoja. Mwinamie bibi mwenye usikivu hafifu umuulize, "Wewe ndiye Mwajuma?" naye atakujibu "Ndiyo mwanangu," kwa sababu umevaa sare nyeupe na yeye hataki kukukatalia. Watoto wachanga huandikwa "Mtoto wa Neema" hadi siku ya kuruhusiwa, na kina Neema wako wawili. Pacha nao, Kulwa na Doto, faili zao hukaa pamoja kwenye mkono mmoja wa mama yao. Namba ya kitanda haiwezi kuwa jina, kwani wagonjwa huhama, na pale ambapo kitanda kimoja kinalaza wagonjwa wawili namba hiyo haisemi chochote. Kwa hiyo swali tunalolifanyia mazoezi ni lile lisilojibika kwa ndiyo: "Bibi, naomba unitajie majina yako matatu," kisha kijiji au umri, kisha macho yarudi kwenye faili. Wanafunzi wengine huona ni kumuudhi mgonjwa kumuuliza jina lake kila asubuhi. Ukimweleza kwa nini unauliza, haudhiki.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Mwaka 2005 nchini Uingereza, mama kijana aitwaye Elaine Bromiley alipelekwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya upasuaji mdogo wa kawaida wa sinasi. Baada ya kupewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ilishindikana kufunguka. Madaktari waliobobea waliendelea kujaribu kuingiza mpira kwenye koo lake huku muda ukipita bila wao kuhisi jinsi ulivyokuwa unapita. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo na kuwaambia viko tayari. Mwingine alipiga simu kuulizia kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akaghairi alipoona madaktari hawaoni haja hiyo. Elaine alifariki dunia siku 13 baadaye. Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na badala ya kutafuta wa kumfunga alitaka kujua kilichowazuia watu waliojua la kufanya wasisikike. Mwaka 2007 alianzisha nchini mwake kikundi cha kueneza elimu hii hospitalini. Swali lile alikuwa amelirithi kwenye kazi yake. Marubani walijifunza kwa gharama kubwa huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa zilipogongana kwenye barabara ya kurukia na watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imeondoka barabarani. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na swali likaishia hapo.

Wanafunzi wangu wanaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Mwanafunzi anayemwamkia daktari bingwa "shikamoo" saa moja asubuhi anatakiwa, saa mbili, amwambie asimame. Wapo wanaodhani dawa ya jambo hili ni kuwafundisha vijana kuacha heshima. Mimi siamini hivyo, na sidhani kama kuna mgonjwa atakayenufaika na wodi yenye matusi. Ninachofanya ni kuwatafutia maneno ambayo yanabeba heshima na onyo kwa wakati mmoja, na kuwazoeza kuyasema kwa sauti, wakiwa wamesimama, mpaka ulimi uyazoee. Ngazi ya kwanza ni kutaja ulichokiona: "Daktari, faili la mgonjwa huyu linaonyesha ana mzio wa penisilini." Asiposikika, anataja wasiwasi wake: "Daktari, nina wasiwasi na dawa hii kwa mgonjwa huyu." Ngazi ya tatu haina swali ndani yake: "Daktari, naomba tusimame kwanza, kwa usalama wa mgonjwa siwezi kuichoma kabla hatujahakiki." Kosa wanalolifanya wengi ni kuanza na "Samahani daktari, sina hakika, labda mimi ndiye nimekosea, lakini…" na hadi wafike kwenye penisilini, daktari ameshahamia kitanda kinachofuata.

Zoezi hilo lina upande wa pili ambao wengi huusahau, upande wa anayesimamishwa. Kila mwanafunzi anacheza nafasi ya daktari au ya sista mfawidhi, na alama zake zinategemea jinsi alivyopokea. Kukunja uso kunaonekana, na wenzake wanakuandika. Jibu ninalolitaka ni "Asante kwa kunisimamisha, hebu tuangalie," hata pale anayesimamisha anapokuwa amekosea, na hasa pale, maana aliyekaripiwa akiwa amekosea hatasema tena siku atakapokuwa sahihi. Nikiri kwamba walio wagumu kufundishika hapa ni sisi walimu na wauguzi wa siku nyingi. Wanafunzi hawana shida.

Ushahidi kwamba sauti hupatikana kwa kupangiwa nafasi yake uko hapa hapa nchini. Orodha ya uhakiki wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha, kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Katika orodha hiyo kuna kipengele ambacho watu hukiona cha kitoto, kile cha kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya kikosi amefungua kinywa mara moja tayari, na mara ya pili si nzito kama ambavyo ingekuwa ya kwanza.

Kuhusu adhabu, ninawapa kisa kutoka jimbo la Tennessee nchini Marekani. Mwaka 2017 muuguzi mmoja alitumwa kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza kabla ya kipimo cha picha. Aliandika herufi mbili za mwanzo za jina la kibiashara kwenye kabati la dawa la kompyuta, ambalo lilikuwa limepangwa kwa jina jingine la dawa hiyo. Hakuiona, akatumia njia ya kuruka kizuizi, na kabati likampa dawa ya kulegeza misuli ambayo jina lake linaanza na herufi hizo hizo. Mgonjwa alifariki. Muuguzi alikiri mwenyewe alichokifanya. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa ya jinai na kumpa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza. Darasa hugawanyika vipande viwili, na siwaharakishi kukubaliana. Upande mmoja unasema dawa ile ilikuwa ya unga, ilimlazimu aichanganye na maji, na kifuniko chake kilikuwa na onyo, hivyo alipita alama nyingi mno. Upande wa pili unauliza kwa nini dawa inayosimamisha pumzi iwe mahali inapoweza kuchukuliwa kwa herufi mbili, na kama kuruka kizuizi ilikuwa tabia yake peke yake au mazoea ya wodi nzima. Ninachowataka wakitoe hapo ni utofauti kati ya kuteleza, mazoea hatarishi ambayo kila mtu anayaona ni kawaida, na kupuuza kwa makusudi. Mambo hayo matatu hayastahili jibu moja. Anayeteleza hubadilishiwa mazingira na kufarijiwa, mwenye mazoea huelekezwa, na wa mwisho ndiye wa hatua za nidhamu.

Katika wodi nyingi tulizonazo, jibu la kwanza baada ya tukio ni maneno mawili: "Andika maelezo." Muuguzi anakaa kwenye dawati la matroni na karatasi nyeupe, akijua kwamba kila sentensi itasomwa kutafuta jina lake. Mwanafunzi akishuhudia hilo mara moja tu amepata somo ambalo mimi sitaweza kulifuta kwa muhula mzima, nalo ni kunyamaza. Kwa sababu hiyo wanapokwenda kwenye mazoezi nawapa fomu isiyo na nafasi ya jina, inayouliza nini kilitokea au kiliponea chupuchupu, na siku hiyo kulikuwa na nini ambacho si cha kawaida. Zinazorudi zina thamani kuliko vitabu: cheti cha insulini kilichoandikwa "10U", yaani uniti 10, na mtu akaisoma 100; vitamini K ya mtoto na oksitosini ya mama zikiwa kwenye trei moja, nje ya maboksi yake; nusu miligramu iliyoandikwa bila sifuri mbele ya nukta, na nukta yenyewe imefifia.

Namna ya kufundisha nayo nimelazimika kuifikiria upya kutokana na yaliyoonekana Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Wakunga wa huko walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakafaulu vizuri kwenye mwanasesere, lakini walipochunguzwa kazini baadaye, huduma halisi haikuwa imebadilika. Baadaye mafunzo yaligeuzwa kuwa mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Watu hawakuwa wameongezewa maarifa mapya; mikono ilikuwa imezoea. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimeacha kuiweka mada hii kwenye wiki moja ya muhula. Kila kipindi cha vitendo, kiwe cha kubadilisha kidonda au cha kuweka mpira wa mkojo, kinaanza na dakika chache za zoezi la sauti, la hesabu au la kukatizwa.

Lipo jambo moja linalonikera katika mada hii, nalo ni namna inavyoweza kutumiwa kuficha upungufu. Kadi ukutani haiwi muuguzi wa pili. Zamu ya usiku inayoanza saa mbili na kumalizika saa mbili asubuhi, muuguzi akiwa peke yake na wodi iliyojaa, ni hatari ambayo hakuna lebo itakayoiondoa, na mwalimu anayefundisha uchovu kama tabia ya mtu binafsi, ya kutatuliwa kwa kunywa maji na kulala mchana, anafanya kile kile cha kulaumu mtu kwa sauti ya upole zaidi. Wanafunzi wanapaswa kujua kwamba ikama ya wauguzi ni sehemu ya mada, na kwamba kuandika kwenye kitabu cha makabidhiano "wagonjwa 38, muuguzi 1" ni taarifa ya usalama sawa na taarifa ya dawa iliyokosewa.

Kilichobaki kilikuwa mtihani, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachopimwa. Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa chumba kimya, meza safi, mwanasesere mmoja, na karatasi ya hatua za kufuata. Sasa kimoja kati ya vituo vyake kina meza iliyovurugwa kwa makusudi: ampuli mbili zinazofanana, bomba lisilo na lebo, cheti chenye "10U", jina la faili lisilolingana na jina la kitanda, na msimamizi anayemharakisha. Nusu ya alama hutolewa kwa alichokiona na alichouliza kabla ya kugusa chochote, na mwanafunzi aliyesema "Sitaichoma mpaka nipate ufafanuzi" amefaulu kituo hicho hata kama dakika zimemwishia na sindano bado iko kwenye trei. Baadhi ya wenzangu wanalalamika kwamba hatumpimi tena uwezo wa kuchoma sindano. Tunaupima, kwenye kituo kinachofuata.